Kishungi Upande wa Kushoto

Tarehe 4, mwezi wa tatu

Dada,

na huyu mteja wa leo naye katoka kwa Baba na kishungi. Nimemkimbilia mpaka kwenye kona ya fundi saa, nikamwambia kaka samahani, rudi kidogo, kuna mahali pamesahaulika. Akajishika kichwani, upande wa kushoto, hapa mbele juu ya jicho, akakuta nywele zipo vile vile kama hazijaguswa. Akaenda kujiangalia kwenye dirisha la fundi saa. Akasema, "Hii nini sasa? Baba yako kaniachia mbegu?" Nikamwambia macho ya mzee yanachoka. Uongo. Macho ya Baba mazima, anaona sindano iliyoanguka kwenye nywele. Nikammalizia pale pale kwa mashine ndogo ya betri ninayoiweka mfukoni siku hizi, fundi saa anacheka, watoto wanatazama. Sikupenda. Unajua nisivyopenda kutazamwa.

Ulisema nikuandikie, nisikupigie simu, kwa sababu nikipiga unasikia mashine inanguruma nyuma yangu na unakata. Sawa. Kalamu siiwezi sana, shule unajua niliachia wapi, lakini mdomo ndiyo siuwezi kabisa.

Umeuliza Baba anaendeleaje. Nakwambia ninavyoona.

Anaamka, anafungua duka, anafuta kioo, anakunja kitambaa cha kufunika wateja, anakikunjua, anakikunja tena. Mteja akija anasema, "Karibu, kaa." Basi. Yule Baba aliyekuwa anamaliza habari za mtaa mzima kabla hajafika sikioni, siku hizi kimya kuliko mimi. Watu wanashangaa. Muuza mkaa kasema, "Kwa hiyo hapa sasa mmebaki mabubu wawili na mashine." Juzi mteja kamweleza kwamba mke wake kaondoka na vyombo vyote. Baba kasema, "Vizuri." Yule mtu kageuka kumwangalia, sikio likakoswa kidogo tu.

Halia. Sijamwona akilia tangu tulipomzika mwanao Bosi. Asubuhi moja nilisahau sukari kwenye chai yake, kanywa yote, kikombe kaweka chini, hakusema kitu. Kesho yake nikamwekea sukari nyingi makusudi, nione. Kanywa yote.

Na ndiyo hivyo vishungi. Kila kichwa anachonyoa anaanza vizuri, kisogoni, anapanda, masikio anayazunguka kama zamani, halafu akifika pale mbele kushoto mashine inanyanyuka. Anazima. Anachukua brashi, anapangusa shingo, anasema, "Tayari." Wengine wanamheshimu, wanatoka nacho hivyo hivyo bila neno. Wengine nawakimbilia. Siku hizi ukikutana na mtu mwenye kishungi hapa mtaani unajua katokea kwetu.

Sijui ni nini. Nimeona nikuambie wewe.

Dereva wa lori la mikate ndiye atakayeileta hii. Nimemnyoa ndevu bure.

Mdogo wako,
Kimya


Tarehe 9, mwezi wa tatu

Mdogo wangu Kimya,

Soma tena ulichoniandikia, kama bado unakumbuka. Upande wa kushoto, mbele, juu ya jicho.

Wewe ulikuwa umesimama wapi siku ile walipomfunua mwanangu uso nimuage? Mimi niliona. Kichwa chote kimenyolewa, safi, halafu pale mbele kushoto pamebaki nywele kama kiganja cha mtoto. Nilidhani naona vibaya. Nikapangusa macho, zipo. Nikamwangalia Baba, akaangalia pembeni.

Mtu amenyoa vichwa vya watu maisha yake yote. Kanyoa wagonjwa vitandani, kanyoa maharusi, kanyoa hata yule kichaa wa stendi na hakumkata. Mjukuu wake mwenyewe, niliyemletea likizo kwa mkono wangu huu, kamrudisha kichwa nusu. Mwanangu amezikwa hivyo. Na kesho yake Baba kafungua duka! Nilipita na begi langu kwenda stendi, nikamwona kaegemea mlango, kashika brashi, anangoja wateja.

Sasa unaniambia anawafanyia na watu wazima. Anatania nini? Au ndiyo uzee, anasahau? Kama ni kusahau asahau na masikio basi. Asichague pale pale.

Hapa kazini wananiambia nimekuwa mkali. Sisi watu wa kupiga pasi shuka za hoteli hatuongei sana, mvuke unaziba masikio, lakini juzi nimemfokea mwenzangu kwa sababu kakunja shuka na kona moja kaiacha. Kona tu.

Nisikilize. Mdogo wake Bosi nywele zimeshamfunika masikio. Watu wanamwita binti, na yeye anaitikia. Hajaguswa na mashine tangu azaliwe. Bosi alinyolewa mara ya kwanza na Babu yake, juu ya kile kibao cha watoto, na siku zote nilijua na huyu itakuwa hivyo. Sasa sijui. Siwezi kumkabidhi mtu mtoto wangu wa pili wakati wa kwanza alishindwa hata kummalizia nywele.

Muulize Baba. Swali moja tu: kwa nini hakumalizia kichwa cha mwanangu. Nikipata jibu nitajua kama nimlete mtoto, au ndiyo basi, hilo duka tusilione tena.

Dada yako


Tarehe 13, mwezi wa tatu

Dada,

sijamuuliza.

Nilijaribu. Jumatatu asubuhi alikuwa anapaka mashine mafuta, nikasema, "Baba." Kasema, "Nini?" Nikasema, "Maji yamekwisha kwenye ndoo." Nikaenda kuchota. Ndoo ilikuwa imejaa, nikamwaga ya zamani nyuma ya nyumba ili nisionekane mjinga. Jana nikajaribu tena, ikawa betri za redio.

Lakini kuna kitu sikukuandikia mara ya kwanza, labda ukijua kitasaidia.

Watoto hanyoi tena. Mama mmoja kaja na mapacha, anatoka nao mbali, Baba kasimama mlangoni kabisa, kasema, "Sinyoi watoto." Mama kasema, "Tangu lini, Fundi? Mimi mwenyewe kaka zangu umewanyoa." Kasema, "Kibao sina." Yule mama kachungulia ndani, kaangalia kiti, kaangalia ukutani, kakiona. Kawashika wanawe mikono, wakaondoka.

Kwa sababu kibao kipo, dada. Wiki ile ile tuliyotoka makaburini alinipa nyundo na misumari mirefu, kasema nikigongomee ukutani kiwe rafu. Kile kile, cha kulaza juu ya mikono ya kiti ili mtoto akae afikie kioo. Sasa kimebeba poda, chupa ya spiriti na redio. Kimeng'aa katikati, pale walipokuwa wanakalia. Ukipitisha mkono unateleza.

Unakumbuka alivyokuwa Bosi juu yake. Ndiyo maana Baba alimpa hilo jina. Anapandishwa, anafungwa kitambaa shingoni, anaanza kutoa amri: redio ongeza, wewe mjomba fagia kule, mteja anayefuata asubiri. Na mwaka ule ulipojifungua huyu mdogo, Baba kasema, "Huyu sasa ndiye Katibu. Bosi hawezi kukaa ofisini peke yake." Mpaka leo mtaani wanamwita Katibu na hawajawahi kumwona.

Na vishungi vinaendelea. Mwalimu wa shule ya hapa jirani kanyolewa Ijumaa, Jumamosi kaenda kupiga picha ya kuposa, hakujiangalia. Kaja na picha mkononi. Nilidhani atagomba. Kaitazama picha, kamtazama Baba, Baba anafuta kioo, kairudisha mfukoni. Kaniambia nje, "Mwambie mzee pole." Nikasema nitamwambia. Sijamwambia.

Nitamuuliza. Nipe muda, naomba.

Kimya


Tarehe 15, mwezi wa tatu

Kwa binti yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima, hatujambo. Mvua zinanyesha, bati la nyuma linavuja kidogo, nimeweka sufuria. Nimebadilisha taa ya dukani, ya zamani ilikuwa inacheza. Mdogo wako anakula vizuri. Kuongea haongei, unamfahamu. Siku hizi anachota maji sana.

Dereva wa mikate ameniambia kuwa nywele za Katibu zimekuwa ndefu. Naona vinyozi hapo kwenu wapo wengi. Mtafutie mtu mzima, asiye na haraka. Mwambie aishike mashine mkononi kwanza mpaka ipate joto, kwa sababu chuma baridi humshtua mtoto. Asianze mbele. Aanze kisogoni, mtoto azoee sauti. Masikio ayakunje kwa kidole, asiyavute. Poda apake kidogo, isiingie puani. Akimaliza umfunike kichwa, upepo usimpige, nywele zilikuwa zinamkinga na hajui.

Mimi sinyoi watoto siku hizi. Kile kibao kilioza nikakitupa.

Msalimie mume wako. Fanya kazi, kula vizuri.

Ni mimi baba yako


Tarehe 19, mwezi wa tatu

Kimya,

Baba ameniandikia. Ukurasa mzima. Bati, sufuria, taa. Halafu ananifundisha kinyozi wa kumpelekea mtoto wangu. "Asiye na haraka." Yeye alikuwa na haraka ya kwenda wapi siku ile?

Na anasema kibao kilioza akakitupa, wakati wewe unaniambia ni rafu. Nani ananidanganya? Wewe huna akili ya kudanganya, samahani, kwa hiyo ni yeye. Kwa nini Baba anidanganye kuhusu ubao?

Barua nzima hakuna jina la Bosi. Nililitafuta, nikaigeuza na nyuma.

Mume wangu anasema niache, wazee wana namna yao. Nimemwambia namna gani, mtu hana hata neno la kusema? Hasira yangu haina hata moto, ujue. Imekaa tu kama jiwe kwenye kiatu, natembea nayo.

Mwisho wa mwezi nampeleka Katibu kwa kinyozi wa sokoni hapa. Akishamgusa huyo, ndiyo imekwisha, Kimya. Sitamleta mtoto kwa Babu yake, sitakuja mimi, na Baba akitaka kuniandikia habari za bati aandike. Una siku hizo tu. Muulize.

Dada yako


Tarehe 24, mwezi wa tatu

Dada,

nimemuuliza. Au sijui kama nilimuuliza. Nakueleza ilivyokuwa.

Jana mchana mvua ilinyesha, hakukuwa na mteja hata mmoja. Baba kakaa kwenye benchi anakunja kile kitambaa. Mimi nikaenda nikakaa kwenye kiti.

Kasema, "Unataka nini hapo?"

"Kunyolewa."

"Nimekunyoa juzi."

"Zimeota."

Uongo ule hata kiti kingecheka. Lakini kasimama, kanifunga kitambaa. Kuna kitu nimekiona miaka yote hii ninayofagia: watu wanakuja kumwambia Baba siri zao kwa sababu pale hamwangaliani. Yeye yuko nyuma yako, wewe uko mbele, mnaongea na kioo. Nikasema labda na mimi nitaweza.

Kaanza kisogoni. Hakukuwa na cha kunyoa ila kile kishungi cha juzi, mashine inapita tu kama mtu anayefagia sehemu iliyofagiliwa. Kapanda. Sikio la kulia, la kushoto. Katikati. Mbele kulia. Halafu kaja mbele kushoto, na mashine ikanyanyuka, nikaiona kwenye kioo imesimama hewani. Kazima. Kanyoosha mkono kuchukua brashi.

Nikasema, "Baba, hapa."

"Hapo bado."

"Bado nini?"

"Hapo panauma."

Nikasema, "Hapaumi, Baba. Mimi hapaumi."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Halafu kasema, "Na mimi nilimwambia hivyo hivyo. Hapaumi."

Ndipo akasema, dada. Kasimama nyuma yangu, mkono mmoja begani kwangu, mwingine umeshika mashine iliyozimwa. Hakuniangalia, aliangalia kioo. Naandika kama alivyosema.

"Unajua visingizio vyake. Leo nywele zimelala, Babu, tusiziamshe. Leo mashine ina meno mabaya. Leo kichwa kina njaa, kile kwanza. Siku ile kakaa vizuri, kashangaza hata mimi. Nikanyoa kote. Nilipofika hapa mbele akaweka mkono. Kasema, Babu, hapa panauma. Nikasema hapaumi, unadeka wewe. Kasema panauma ndani. Nikasema Bosi gani analia ofisini. Hakutoa mkono. Kasema, basi hapa utamalizia kesho. Nikacheka. Nikasema sawa Bosi, kesho."

Mengine unayajua. Kesho yake hakuamka vizuri, alikuwa moto, shingo haigeuki, mimi nikamkimbiza hospitali mgongoni. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, ikishika mtoto haimpi mtu nafasi. Wewe ulifika ikiwa imekwisha.

Mimi nilikuwepo pale dukani siku ile, nafagia. Nakumbuka Baba alivyocheka. Nakumbuka Bosi alivyoshuka, kajipangusa shingo kama mzee. Huo mkono kichwani sikuuona. Mimi ninayeona kila kitu.

Nikamuuliza, kwenye kioo, "Kwa nini humwambii dada?"

Kasema, "Dada yako anadhani nilizembea nywele. Hiyo ni hasira ndogo, anaimudu. Mwache nayo. Nikimwambia hili atabeba kubwa, na ana mtoto mwingine wa kulea."

Halafu kawasha mashine, kataka kumalizia kichwa changu. Mkono haukushuka. Kajaribu tena, haukushuka. Kazima, kanipangusa shingo, kasema, "Tayari."

Kasema nisikuandikie. Ndiyo nakuandikia. Baada ya hapo kaenda nyuma kumwaga maji ya sufuria, karudi, kakaa, kakunja kitambaa. Chakula alikula. Hakulia, na mimi sikulia, tulikaa tu.

Kishungi changu nimekiacha.

Kimya


Tarehe 27, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Nimesoma. Nilisoma kazini, nimesimama, pasi mkononi. Nimeunguza shuka moja. Msimamizi kaja kuniangalia usoni, kageuka, kaenda.

"Kichwa kinauma." Hilo ndilo lilikuwa neno lake kila Jumatatu asubuhi nikimwamsha shule. Kila Jumatatu, Kimya. Nikishamvalisha viatu kinapona. Kama ningekuwa mimi nimeshika ile mashine ningemwambia vile vile. Maneno yale yale, na kucheka ningecheka.

Nilidhani nikijua nitalia. Sijalia. Nimepika, tumekula, nimemwogesha Katibu. Nilipomwaga maji kichwani nikapapasa pale mbele kushoto, na yeye kacheka, kadhani namtekenya.

Kwa kinyozi wa sokoni sitakwenda. Jumamosi shemeji yako atamleta Katibu hapo. Mimi siji, miguu bado haijataka. Usimwambie Baba kitu. Shemeji yako nimempa ujumbe, atasema mwenyewe.

Wewe kaa kwenye benchi na karatasi, uniandikie unavyoona, hapo hapo. Usingoje jioni ukaanza kupanga maneno. Barua aondoke nayo shemeji yako.

Dada yako


Jumamosi, tarehe 30

Dada,

wamefika. Nimekaa kwenye benchi kama ulivyosema, karatasi iko juu ya lile gazeti la wateja.

Katibu kashuka mabegani kwa shemeji, kagusa kila kitu kwa zamu: ndoo, ufagio, goti langu. Nywele zake, dada, kweli ni msitu. Fundi saa kapita mlangoni kasema, "Huyo binti wa nani?" na mtoto kamwitikia, "Ee." Shemeji kaangalia kishungi changu, katabasamu, kisha kakumbuka, akaacha kutabasamu. Ni mtu mzuri shemeji.

Baba alikuwa kashika brashi. Kaiweka. Kasema, "Karibuni." Kaenda kunawa mikono. Ilikuwa safi, kanawa kwa sabuni mpaka viwiko. Karudi anajifuta, hamwangalii mtoto, anaangalia taulo.

Kasema, "Nilimwandikia mama yake. Sinyoi watoto."

Shemeji kasema, "Nimetumwa tu, Baba."

"Umetumwa nini?"

"Mama yake kasema mtoto anyolewe kote. Na mbele. Mbele kushoto pia. Kasema nikutajie hivyo, kushoto."

Baba kaacha kujifuta. Kageuka pole pole, siyo kwa shemeji, kwangu.

"Kimya."

"Naam, Baba."

"Mdomo huna, lakini huo mkono wako mrefu."

Niliendelea kuandika, ndiyo hii unayoisoma, herufi zimepinda hapa ni sababu hiyo. Nilidhani atanitoa nje. Hakunitoa. Kakaa mwisho wa benchi, taulo mapajani. Sasa hivi tuko watu wazima watatu tumekaa kwa mstari kama tunangoja zamu, na kinyozi hakuna.

Anayetembea ni Katibu peke yake. Kazunguka kiti. Kakisukuma, kimezunguka, kafurahi. Sasa anakipanda. Anapanda kwa tumbo. Shemeji kataka kumsaidia, Baba kamshika mkono, kasema, "Mwache." Mtoto kafika. Kajigeuza, kakaa. Kaweka mikono yake juu ya mikono ya kiti, haifiki vizuri.

Anajitafuta kwenye kioo, dada. Haonekani. Kiti kimemmeza. Kwenye kioo tunaziona nywele tu, juu kabisa, kama kichaka kilichoota kwenye kiti. Ananyoosha shingo. Nywele zinapanda kidogo, zinashuka. Anauliza, "Mimi?" Anauliza tena, "Babu, mimi?"

Sijui nani kamfundisha kumwita Babu. Ni wewe.

Baba kasimama. Kachukua mashine, hajaiwasha. Kaishika kwa mikono miwili, kaifumbata kifuani. Nilidhani anaomba dua. Hapana, anaipasha joto.

Kasema, mgongo wake uko kwetu, "Akisema panauma?"

Shemeji kaniangalia, mimi nikaangalia karatasi. Kasema, "Akisema panauma utasimama, Baba. Tutampeleka kwa daktari. Daktari akitucheka tutarudi hapa."

"Hata akiwa anadeka?"

"Hata akiwa anadeka."

Baba anatikisa kichwa, ndiyo. Bado anatikisa. Kama kakisahau kichwa kinaendelea chenyewe.

Sasa kaiweka mashine chini. Anakwenda ukutani, kwenye rafu. Anatoa poda, anaiweka dirishani. Anatoa chupa ya spiriti, anaiweka dirishani. Redio kaitoa na waya wake. Rafu iko tupu. Anapitisha kiganja pale katikati, panapong'aa, anakipitisha tena. Uso wake siuoni kutoka hapa, na kwenye kioo kuna nywele tu.

Anasema, "Kimya, acha kuandika. Nyundo iko wapi?"

Nakuacha hapa, dada. Nyundo ninayo mimi, iko chini ya benchi hili nililokalia, na misumari niliipiga kwa nguvu zangu zote, itachelewa kutoka, na mtoto ameshakaa na kioo bado hakimwoni.

Kimya